Mdoli Aliyekwisha Kuzikwa

Wiki iliyopita tulimwacha Vénérande amesimama katikati ya uwanja wa shule, mtoto wake Gervais mgongoni, kidole kimenyooka mbele, na neno lake moja limening'inia juu ya vichwa vya watu wote: "Huyo mdoli nimemzika."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele watu wangesema mashetani yamempanda, wangemshika na kummwagia maji. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na ndiyo maana uwanja mzima ulinyamaza.

Watoto walikuwa wamekaa chini kwa mistari, kila mmoja na boksi lake la zawadi mapajani. Wageni wa kanisa waliotoka mjini Mpanda, wenye fulana za njano, walibaki na tabasamu usoni kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Na pale mbele, Raya, binti mdogo wa Bashiru mwenye duka, alikuwa bado amemkumbatia mdoli mwenye nywele nyeupe aliyemtoa kwenye boksi lake.

Mwalimu mkuu Stanslaus alikuja mbio za kistaarabu, tai imemrukia begani.

"Mama Gervais. Mama yangu. Midoli hii inafanana. Inatoka kiwandani, yote sura moja."

"Najua."

"Basi, mama, usitutishie watoto."

"Mgeuze umwangalie jicho."

Stanslaus akainama kwa Raya, akamgeuza mdoli. Jicho moja lilikuwa la kiwandani, la bluu, la kufumba na kufumbua. La pili lilikuwa kifungo cha shati.

Kifungo cha kahawia, kimeshonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu.

Vénérande hakuhitaji kusogea. Kifungo kile alikikata mwenyewe kwenye shati la harusi la mume wake, Siméon. Uzi ule alipewa na wavuvi wa Kapalamsenga, siku alipokwenda kununua dagaa. Alikishona huku binti yake Odeta ameshikilia kichwa cha mdoli kwa mikono miwili, anambembeleza: pole, pole, inakaribia kwisha.

Odeta alimpata mdoli huyo hapahapa, uwanja huuhuu, wageni hawa walipokuja mara ya kwanza na maboksi yao. Mvua zilizofuata homa ikampanda kichwani, ikageuka degedege. Kabla macho hayajapinduka alisema, "Mama, nisiende peke yangu." Vénérande akaahidi. Na maiti ilipokwisha kuoshwa alimweka mdoli kwapani mwa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, akafunika shuka.

Sasa mdoli yuko juani, kwapani mwa mtoto mwingine.

Wazo moja likamwingia Vénérande kichwani, likakaa, likakataa kutoka. Kaburi limefukuliwa.

"Raya, weka hicho kitu chini."

Ilikuwa sauti ya Bashiru. Alipasua umati akiwa na kalamu bado sikioni, duka kaliacha wazi. Bashiru na familia yake walihamia kijijini hapa kutoka Shanwe baada ya mavuno ya mwaka jana, na mpaka leo watu wa huku Kasekese walimwita mgeni, ingawa walikopa kwake kama ndugu.

"Mwalimu, mimi nilikwambia nini? Si nilikuja ofisini kwako?"

"Ulikuja, Bwana Bashiru."

"Nikasema mwanangu asipewe boksi. Sisi Waislamu. Nikasema kama ni zawadi ya kuombewa sala, Raya apite pembeni."

"Ningemwacha mtoto mmoja mikono mitupu mbele ya wenzake?"

"Ungemwacha. Mimi nina duka, ningempa biskuti. Ninyi mkamkunja mikono, mkamwambia fumba macho, sema asante Bwana. Shule ya serikali hii, mwalimu."

"Shule ya serikali haina dini," Stanslaus akakubali.

"Haina?"

"Na vyoo pia haina, Bwana Bashiru. Wageni wameahidi vyoo."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, kisha akakohoa kuficha.

"Vyoo," Bashiru akarudia taratibu. "Kwa hiyo mwanangu amepewa kitu cha maiti kwa sababu ya vyoo."

Neno hilo likafanya kazi yake. Kitu cha maiti. Lilipita mstari kwa mstari kama moto wa nyika. Mtoto wa kwanza akaliweka boksi lake chini. Wa pili akalisukuma kwa mguu. Kina mama wakaingia mistarini kunyakua watoto wao, na maboksi yakabaki yamekaa uwanjani, midomo wazi, sabuni na penseli na peremende ndani yake, na mpira mmoja mpya ukajiviringisha wenyewe mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Hakuna aliyeufuata.

Raya peke yake hakuweka kitu chini. Alimkumbatia mdoli, akachoropoka chini ya mkono wa baba yake, akatokomea kwenye mihogo.

Vénérande naye hakumfuata. Alikwishaona alichotaka kuona. Akageuka, akashika njia ya nyumbani.

"Unakwenda wapi, Mama Gervais?" Stanslaus akauliza.

"Kuchukua jembe."

Njia nzima mwalimu mkuu alimfuata nyuma, na Bashiru akamfuata mwalimu mkuu, kwa maana hakuwa amemaliza kugomba.

"Kufukua kaburi bila kibali ni kosa," Stanslaus alisema, akihema. "Polisi watakuja. Polisi wakija wilaya itauliza. Wilaya ikiuliza, itataka kujua maboksi ya kanisa yaliingiaje shuleni saa za masomo. Mama, nimebakiza kidogo nistaafu. Nihurumie."

"Nani alijaza boksi la Raya?"

"Wageni. Wanakuja nayo yameshajazwa, huko Ulaya."

"Ulaya wana uzi wa Kapalamsenga?"

Stanslaus akairudisha tai kifuani.

"Maboksi hayakutosha," alisema. "Wageni walitanguliza mzigo pungufu, na wakasema lazima kila mtoto apate, kuna watu wa kupiga picha. Sasa mimi ningefanyaje? Nikaomba maboksi matupu, halafu nikapitisha mchango. Kila nyumba ilete kitu kimoja kizuri."

Bashiru akasimama njiani.

"Subiri. Uliwachangisha maskini zawadi za kuwapa maskini?"

"Mchango wa hiari."

"Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara, na hilo sijawahi kulifikiria."

Hata Vénérande, na moyo wake ule, alikaribia kucheka. Kumbe ndiyo ile michango. Aliisikia ikitangazwa, akaipuuza, maana nyumbani kwake hakukuwa na kitu kizuri hata kimoja. Kila kilichokuwa kizuri alikwishakizika.

"Nani alileta mdoli?" akauliza.

"Vilikuja ndani ya magunia, mama. Watoto walileta, mabibi walileta. Mimi sikukagua."

Kaburi la Odeta lilikuwa nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba la mihogo, lina msalaba mdogo wa mninga. Siméon alikuwa akipalilia karibu. Alipomwona mke wake anakuja na jembe begani, mtoto mgongoni na wanaume wawili nyuma, alidhani kuna nyoka.

Vénérande akamweleza kwa maneno machache. Siméon akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kubisha. Akachuchumaa, akapapasa udongo wa kaburi kwa kiganja.

"Angalia," alisema. "Majani yameota toka mvua zile. Mizizi imeshikana. Hapa hapajaguswa, mke wangu. Nani afukue kaburi halafu ashone majani?"

Ilikuwa kweli. Palikuwa pazima kama mkeka.

Siméon alidhani amemtuliza. Lakini Vénérande alikuwa amejiandaa kwa udongo uliovurugika. Udongo uliovurugika una mwizi, na mwizi ana jina na ana miguu. Udongo mzima hauna mtu wa kumkamata.

"Basi alitokaje?" akanong'ona.



Akamfungua Gervais mgongoni, akamkabidhi Stanslaus, ambaye alimpokea kwa sababu hakujua la kufanya. Akanyanyua jembe. Pigo la kwanza likang'oa majani. La pili likaleta udongo mwekundu. Kwenye la tatu Siméon alikuwa ameudaka mpini.

"Vénérande. Huyo ni mtoto wetu. Unataka kumwona alivyo sasa?"

"Nataka kujua kama yuko salama."

"Mtoto aliyezikwa anakuwaje salama?"

"Achia mpini, Siméon."

"Siachii."

Wakavutana, mke na mume, juu ya mwana wao, bila neno, na Gervais akaanza kulia mikononi mwa mwalimu mkuu.

"Acheni aibu hiyo mbele ya wageni."

Pudensiana, mama yake Siméon, alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, khanga mabegani, fimbo mkononi. Ni bibi aliyevuka mpaka kutoka Burundi na watoto mgongoni, akafyeka pori la huku kwa panga la kuazima, na tangu hapo hakuna kitu kilichowahi kumfanya ainamishe macho, si afisa wa makambi wala simba wa porini. Siku walipopewa uraia wengine walilia. Yeye aliuliza kama cheti hakiharibiki kwa mvua.

"Usichimbe," alimwambia mkwewe. "Mdoli nilimtoa mimi."

Vénérande akaliachia jembe. Likabaki mikononi mwa Siméon.

"Ulimtoa, Mabukwe?" Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, kwa heshima ya mkwe, na hata sasa ulimi haukuweza kumwita vingine.

"Ulipozirai. Walipokutoa nje kukupepea, mimi nilibaki na maiti. Nikainua shuka, nikamtoa."

"Kwa nini?"

"Kwetu marehemu hapewi kitu chenye sura. Ukimpa, ataongea nacho. Kitanyamaza. Ataongea tena, kitanyamaza. Mwisho atachoka, atarudi nyumbani kutafuta kinachojibu." Pudensiana akamwonyesha Gervais kwa kidevu. "Na wewe huyu alikuwa tumboni. Nilikuwa nichague nani? Aliyekwenda au anayekuja?"

"Nilimwahidi mwanangu."

"Uliahidi ukiwa na uchungu. Ahadi ya uchungu inabebwa na wazee, wenye uchungu hawaiwezi."

"Ukamweka wapi?"

"Kwenye kihenge, chini ya mahindi. Nikasubiri. Mwalimu huyu alipotangaza kila nyumba ilete kitu, nikaona nafasi imekuja. Aende kwa mtoto aliye hai, mbali na nyumba yangu, aishie huko. Ningejua kwamba mwalimu atampa mbele ya macho yako, ningemchoma moto."

Alisema yote hayo bila kushusha sauti wala kuomba radhi.

Siméon alishusha pumzi ndefu. Stanslaus akapangusa uso kwa tai yake, na rangi ya mtu mwenye pensheni ikaanza kumrudia. Hata Bashiru akalegea, akaitoa kalamu sikioni akaitazama kama anashangaa ilifikaje pale.

Vénérande alikuwa na mawili ndani yake yanapigana. La kwanza, hasira: mwanawe alikwenda peke yake, kwapa tupu, baada ya kuahidiwa. La pili, afueni. Kaburi halikuguswa. Odeta yuko alipolala. Hakuna aliyemsumbua.

Afueni ikashinda kwa muda.

"Basi mambo yamekwisha," Bashiru alisema. "Mimi sikitaki hicho kitu nyumbani kwangu. Kirudi kwa mwenyewe. Mtakifukia juujuu hapo, kwa heshima, na mimi nitaleta sanda ya kukifunga. Raya. Raya we, njoo, najua umejificha huko."

Mihogo ikatikisika. Raya alikuwa karibu muda wote, amechuchumaa kati ya mashina, mdoli kifuani. Akaja taratibu, akapita mbele ya baba yake, akasimama kando ya kile kishimo kilichochimbwa na jembe.

Vénérande akachuchumaa mbele yake. Kwa karibu aliweza kuona mishono yake mwenyewe ilivyokaa, mmoja umepinda, pale Odeta alipotikisika kwa kicheko.

"Nipe, mwanangu. Nimrudishe kwa rafiki yake."

Raya akatikisa kichwa.

"Gakecuru hataki."

Siméon aligeuka kama aliyeguswa na kaa la moto.

Hilo lilikuwa jina la mdoli. Odeta alimpa, kwa sababu ya zile nywele nyeupe, maana kwa Kirundi ndivyo wanavyomwita bibi kizee kwa utani. Jina lilitajwa ndani ya nyumba ile peke yake, na lilipokufa pamoja na Odeta hakuna aliyelirudia. Raya nyumbani kwao walisema Kiswahili na Kinyamwezi cha mama yake. Kirundi hakujua hata kusalimia.

"Nani kakwambia anaitwa hivyo?" Bashiru akauliza.

"Kaniambia mwenyewe."

"Mtoto huyu kapigwa na jua," Stanslaus akasema haraka. "Tangu asubuhi wamekaa juani. Wageni walichelewa."

Vénérande hakumsikiliza. Alimshika Raya mikono yote miwili, kwa upole, kama anayeshika kifaranga.

"Hataki nini, mama?"

"Hataki kurudi humo, Mama Odeta."

Tangu Gervais azaliwe, hakuna mtu kijiji kizima aliyemwita Vénérande kwa jina hilo. Walilikwepa kwa huruma. Na Raya alifika hapa kijijini wakati majani yamekwisha kuota juu ya kaburi.

"Anasema humo atakaa peke yake," Raya akaendelea, kwa sauti ya mtoto anayetumwa dukani na hataki kusahau alichotumwa. "Anasema Odeta hayumo."

"Astaghfirullah," Bashiru alisema, akamvuta binti yake kwake. Mdoli akafumba jicho lake moja la bluu. Kifungo kikabaki wazi.

Vénérande hakumwogopa mtoto. Watoto husema mengi. Aligeuza kichwa kwa Mabukwe, akisubiri kile alichokuwa akikijua kwa miaka yote ya ndoa yake: bibi atatema mate pembeni, atapiga fimbo chini, atasema mpelekeni huyo akale, njaa inamsemesha.

Alisubiri.

Pudensiana hakutema mate. Alikuwa akimtazama mdoli. Na Vénérande, akimtazama yeye, akakumbuka jambo ambalo lilikuwa limelala ndani yake kama mwiba ndani ya kidonda kilichopona juu. Siku ile alipozinduka nje, jeneza lilikuwa limeshafungwa. Siméon alirudi kutoka kuchimba kaburi, naye akalikuta jeneza limeshafungwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyepigilia misumari, mwanamke, mzee, peke yake ndani ya nyumba. Watu walisema ni ujasiri. Hakuna aliyeuliza haraka ilikuwa ya nini.

Leo pia alikuwa na haraka. Usichimbe, alisema, akalitoa la mdoli upesi kama mtu anayemrushia mbwa mfupa ili asiingie jikoni.

"Mabukwe," Vénérande alisema. "Mwambie mtoto kwamba ni mwongo."

Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, Pudensiana akainamisha macho. Fimbo ikamponyoka. Akasogea hatua moja, mbili, akaitoa khanga mabegani, akaitandika juu ya kile kishimo cha udongo mwekundu, kisha akakaa juu yake kwa uzito wake wote, kama mtu anayekalia mfuniko wa chungu kinachochemka.

"Mabukwe, inuka."

Bibi hakuinuka.

Ndipo Siméon, ambaye alikuwa ameung'ang'ania ule mpini muda wote, akamtazama mama yake aliyemzaa, akatazama alipokaa, akamrudishia mke wake jembe.